Usianze na Bosi wa Mwisho: Mwongozo wa Mazoezi kwa Mcheza Gemu wa Qurus

Kijana anayerudia misheni moja usiku kucha mpaka aipite hawezi kuitwa mvivu. Ana subira, anakumbuka ni wapi alipokosea, na akishindwa hasusi. Anabonyeza na kuanza upya. Lakini kijana huyohuyo mwambie aanze mazoezi. Siku ya kwanza anatoka kijijini Qurus mbio hadi Karatu mjini. Siku ya pili anachechemea. Siku ya tatu ana udhuru, na wiki inayofuata raba zimesharudi chini ya kitanda.

Kilichomwangusha ni kusahau kanuni anayoifuata kila akishika pedi: hakuna anayefungua gemu kwa kupigana na bosi wa mwisho. Unaanza leveli ya kwanza, ambapo adui ni dhaifu na njia ni fupi, ukijifunza vitufe taratibu. Kwenye mazoezi tunafanya kinyume. Tunaanza kwenye leveli ngumu kuliko zote, tunapigwa, halafu tunasema mazoezi si yetu.

Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuhamisha mazoea ya gemu kwenye mwili wako, hapohapo kijijini, bila gym na bila mashine. Umeandikwa kwa anayeshinda amekaa: mwanafunzi wa likizo, fundi simu, muuza duka, bodaboda, dereva wa watalii anayekaa kwenye usukani kutwa nzima hadi Ngorongoro na kurudi. Mkulima wa jembe anatoka jasho tayari, ila naye atapata lake, hasa miezi ambayo shamba limelala.

1. Jua leveli yako ya kweli

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17, wastani ni dakika 60 kwa siku. Usitishike na 150: ni nusu saa kwa siku tano, na kutembea kwa haraka kunahesabika.

Kipimo cha leveli yako unakijua tangu shule ya msingi. Kumbuka mchakamchaka wa asubuhi: mmoja anaimbisha, wengine wanaitikia huku miguu inakwenda. Anza kukimbia taratibu na uimbe. Ukiweza kuitikia mstari mzima, hiyo ndiyo kasi yako. Ukibaki na neno mojamoja, umeruka leveli. Punguza au tembea. Ukiweza kuimba wimbo wote bila hata kuhema, ongeza kidogo.

Karatu iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Aliyezaliwa hapa amezoea. Ndugu aliyekuja likizo kutoka Dar es Salaam au Tanga atahema mapema kuliko alivyotarajia, na wala hajazeeka. Hewa ni nyepesi tu. Mpe siku chache za kutembea kwanza kabla hujamwita kwenye mbio.

2. Sevu kila unapomaliza

Hakuna mcheza gemu anayezima mashine bila kusevu. Lakini tunafanya mazoezi mwezi mzima bila kuandika kitu, halafu tunajiuliza kama tumepiga hatua. Tafuta daftari la shule, lile dogo. Kila unaporudi, andika mstari mmoja kabla hujaoga:

*Jumanne. Njia ya shule. Kukimbia dakika 1, kutembea 2, mara 8. Pumzi safi. Goti la kushoto limeuma kidogo kwenye mteremko.*

Mstari huo unatosha. Baada ya wiki tatu utaona kama goti linalalamika kila ukipita mteremko uleule, au kama pumzi imeongezeka kwenye njia ileile. Simu inaweza kukuhesabia hatua, lakini haitaandika habari za goti. Tena usizifanye hatua 10,000 kuwa amri. Namba hiyo ilipata umaarufu Japani mwaka 1965, pale kampuni ya Yamasa ilipouza kifaa cha kuhesabia hatua kilichobeba namba hiyohiyo kwenye jina lake. Ni namba nzuri ya biashara. Ukitembea 6,000 leo na wiki iliyopita ulitembea 4,000, umepanda.

Kwenye gemu nyingi za mbio za magari kuna kile kigari cha kivuli kinachokimbia mbele yako: ni wewe mwenyewe wa raundi iliyopita. Daftari ndilo kivuli chako. Shindana na aliyeandikwa humo, usishindane na jirani.

Hivyo ndivyo rekodi zinavyofanya kazi hata kwa wakubwa. Mwaka 1967 Jim Ryun wa Marekani aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 33.1, na kwa zaidi ya miaka 6 hakuna aliyeivunja. Tarehe 2 Februari 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Christchurch, New Zealand, kijana aliyezaliwa Karatu, Filbert Bayi, alikaa mbele tangu mlio wa bastola na kumaliza kwa 3:32.16. John Walker wa New Zealand alimfuata nyuma kidogo, naye akiwa chini ya rekodi ya zamani. Wote wawili walimpita mtu ambaye hakuwepo uwanjani: waliipita namba yake.

3. Ongeza kitu kimoja kwa wakati

Mtengeneza gemu mzuri hakuongezei maadui, giza na muda mfupi vyote kwa pamoja. Nawe usiongeze umbali, kasi na siku katika wiki moja. Chagua kimoja. Wiki hii ongeza dakika. Wiki ijayo acha dakika zilivyo na uongeze siku. Kasi iwe ya mwisho kabisa, kwa sababu ndiyo inayoumiza haraka.

Kwenye mazoezi ya misuli leveli zinaonekana waziwazi. Chukua pushapu:

- Leveli ya 1: mikono ukutani, umesimama.
- Leveli ya 2: mikono kwenye benchi au ukingo wa kitanda imara.
- Leveli ya 3: sakafuni, magoti yamegusa chini.
- Leveli ya 4: sakafuni, miguu imenyooka.
- Leveli ya 5: miguu juu ya kigoda, mikono chini.

Fanya 12, pumzika dakika moja, rudia mpaka zitimie seti tatu. Ukizimaliza vizuri katika siku mbili tofauti, mgongo ukiwa umenyooka na kiuno hakijalegea, panda leveli. Ukipanda na kushindwa kufika hata 5, shuka. Kushuka hakuna aibu. Ni mara ngapi umerudi leveli ya nyuma kutafuta silaha uliyoiacha?

Miguu nayo ina ngazi zake. Anza kwa kukaa na kusimama kwenye kigoda bila kushika kitu. Halafu gusa kigoda kwa makalio bila kukaa, kisha chuchumaa bila kigoda, kisha chuchumaa ukiwa umebeba dumu la maji la lita 5 kifuani. Visigino visiinuke na magoti yaelekee zilipo ncha za vidole.

4. Tumia sheria ya kibandani

Kila kibanda cha gemu kina sheria moja isiyoandikwa: anayefungwa anapisha. Pazia limeshushwa mlangoni ili mwanga usiingie kwenye skrini, pedi mbili zimeng'aa kwa jasho la vidole, na kwenye benchi vijana watano wanasubiri zamu. Aliyefungwa bao la dakika za mwisho anabembeleza, "Kaka, niachie moja tu," anajibiwa, "Dogo, toa pedi." Anarudi mwisho wa benchi na kukaa robo saa nzima akitazama.

Hiyo robo saa ndiyo mali. Wekeaneni masharti ya ziada: anayefungwa anapisha, anatoka nje na kuchuchumaa mara 15 kabla hajakaa. Tofauti ya mabao ikiwa matatu, anaongeza pushapu 10. Akifungwa mara nne jioni moja, ameshachuchumaa mara 60, na wenzake wamecheka vya kutosha. Anayeshinda mfululizo naye asisalimike: baada ya mechi tatu anasimama na kunyoosha mgongo, kwa sababu yeye ndiye aliyekaa kuliko wote.

Ukicheza peke yako kwenye simu, funga zoezi kwenye jambo ambalo tayari unalifanya. Gemu inapofunguka, au tangazo linapopita, simama. Weka kanuni rahisi: saa moja ya gemu inalipiwa dakika 10 za mwendo, na malipo yanatangulia. Deni la mazoezi halilipiki usiku wa manane.

Kuna watu waliotengeneza gemu za kuchezwa kwa mwili mzima. Dance Dance Revolution ya Japani ilitoka mwaka 1998 na kuwachezesha watu dansi kwa miguu. Wii Sports ilitoka 2006, Pokémon Go ikawatoa watu barabarani 2016, na Ring Fit Adventure ikafuata 2019. Ziko pia programu kama Zombies, Run! ya mwaka 2012, inayokusimulia hadithi masikioni huku mazimwi yakikukimbiza. Ukizipata, tumia. Usipozipata, redio inatosha: mtangazaji wa mpira akipandisha sauti, kimbia, mpira ukitoka nje, tembea. Au kimbia ubeti, tembea kiitikio. Sikio moja tu liwe na spika, lingine lisikilize magari.

5. Tunza nguvu hadi mwisho

Kwenye gemu za mpira, mchezaji ukimkimbiza kwa kitufe cha kasi tangu dakika ya kwanza, kipindi cha pili anatembea. Kila mtu anayecheza analijua hilo, na kila mtu huyohuyo akitoka barabarani anachomoka kama anafukuzwa.

Mtazame Alphonce Simbu, mkimbiaji wa Tanzania. Septemba 2025, kwenye Mashindano ya Dunia mjini Tokyo, alikimbia marathoni yote, kilomita 42 na ushee, akaingia uwanjani akiwa bado na akiba. Alimpita Amanal Petros wa Ujerumani kwenye mstari kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ya kamera ndiyo iliyomtoa mshindi, tofauti ikiwa sekunde 0.03. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano hayo.

Kwako wewe maana yake ni hii: gawa njia yako sehemu mbili. Nusu ya kwenda iende polepole kuliko unavyotamani. Nusu ya kurudi iwe sawa au haraka kidogo. Ukirudi unajikokota, ulianza vibaya. Andika kwenye daftari na kesho uanze taratibu zaidi. Kama njia yako inateremka wakati wa kwenda, jihadhari maradufu, maana mteremko unakukopesha kasi na mlima wa kurudi unaidai.

6. Ingia na kikosi

Wanaocheza PUBG au Free Fire wanajua aliyekimbilia mbele peke yake hufa kwanza. Tafuta wenzako wawili au watatu wa leveli yako. Mkubaliane siku, saa na mahali pa kukutana, na kasi iwe ya yule wa polepole. Mwenye kasi asikasirike: afike mbele, ageuke, arudi kumchukua mwenzake. Anapata mita za ziada, na kikosi hakivunjiki.

Mualike dada yako pia. Vibanda vya gemu vimejaa wavulana, lakini barabara ni ya wote, na ukanda huu una wanawake wa kutazamwa. Magdalena Shauri alimaliza wa tatu Berlin Marathon mwaka 2023 kwa saa 2:18:41. Wasichana wakikimbia, wawe wawili au zaidi na jua liwe limeshachomoza. Mama nyumbani ajue njia na saa ya kurudi. Ambaye hataki mbio, netiboli au kuruka kamba kunafanya kazi ileile.

7. Hapa gemu inadanganya

Mpaka hapa gemu imekuwa mwalimu mzuri. Sasa yapo mambo ambayo ukiyafuata yatakuumiza.

*Mwili hauna kitufe cha kuanza upya.* Kwenye skrini unakufa mara kumi na unarudi mzima. Msuli ukichanika, unakaa wiki kadhaa. Tofautisha uchovu na maumivu: uchovu unakamata mguu wote na unapungua ukipoa, maumivu yanachoma sehemu moja, hasa kwenye kiungo, na yanaongezeka kila hatua. Ukipata ya pili, tembea kurudi nyumbani.

Najua utamtaja John Stephen Akhwari, mzaliwa wa Mbulu, aliyeanguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968 na bado akafika, wa mwisho, mguu umefungwa bendeji. Heshima yake haina mjadala. Lakini ile ilikuwa siku ya mashindano, mbele ya dunia, akiwa amebeba jina la nchi. Jumanne yako ya mazoezi haijabeba jina la nchi. Ukiumia Jumanne, ushujaa ni kuacha ili Alhamisi ya wiki ijayo uwepo.

*Uhai haujazwi kwa boksi la dawa.* Kwenye mwili, boksi hilo ni usingizi, chakula na siku ya mapumziko. Misuli inajijenga ukiwa umelala, kwa hiyo aliyecheza gemu hadi saa nane usiku asikimbie saa kumi na mbili asubuhi, atembee tu. Huhitaji unga wa kopo. Makande, ugali na maharage, maziwa, mboga na ndizi vinatosha kwa mazoezi ya kiwango hiki. Usikimbie na tumbo lililojaa. Subiri saa mbili hadi tatu baada ya mlo mkubwa. Vinywaji vya kuongeza nguvu vyenye kafeini si chakula cha mkimbiaji, kunywa maji.

*Ramani haikuhurumii.* Kwenye barabara ya lami ya kwenda Ngorongoro, magari ya watalii na malori yanapita kwa kasi. Kimbia upande ambao magari yanakuja yakikutazama, na ukiweza baki kwenye njia za vumbi za kijijini. Kiangazi vumbi ni jingi, kwa hiyo toka asubuhi kabla magari hayajaamka. Masika udongo mwekundu unateleza na kunata kwenye soli. Siku hizo fanya misuli ndani. Juni na Julai asubuhi ni baridi na ukungu, hivyo tembea dakika 10 kabla ya kukimbia. Na kama njia yako inasogelea msitu wa hifadhi, usitoke gizani. Tembo na nyati hawasomi mipaka.

*Ukishindwa kuacha, hiyo si burudani tena.* Kuanzia Januari 2022, orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inatumika ikiwa na tatizo la uchezaji gemu uliopitiliza: mtu asiyeweza kujizuia, anayeacha shule, kazi na usingizi kwa ajili ya gemu, na kuendelea hata anapoona madhara. Ukijiona hapo, mazoezi yatasaidia kiasi, lakini zungumza pia na mtu wa afya.

Mwenye presha, kisukari, pumu, mjamzito, au anayepata maumivu ya kifua au kizunguzungu akijitahidi, apite kwanza zahanati au hospitali kabla hajaanza.

8. Mpango wa wiki nane

Siku za kukimbia ni tatu, kwa mfano Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Siku za misuli ni mbili, Jumatatu na Ijumaa. Jumatano tembea kwa raha. Jumapili pumzika. Kila siku ya mbio anza na kumaliza kwa dakika 5 za kutembea.

- Wiki ya 1 na 2: kimbia dakika 1, tembea 2, rudia mara 8.
- Wiki ya 3 na 4: kimbia dakika 2, tembea 2, rudia mara 6.
- Wiki ya 5 na 6: kimbia dakika 4, tembea 2, rudia mara 5.
- Wiki ya 7: kimbia dakika 8, tembea 2, rudia mara 3.
- Wiki ya 8: kimbia dakika 20 mfululizo, kwa kasi ya mchakamchaka.

Wiki ikikushinda, irudie. Ukikosa siku moja, endelea na inayofuata. Usijaribu kulipa mbili kwa mpigo. Ukikosa wiki nzima kwa homa au msiba, rudi wiki moja nyuma ndipo uendelee. Raba za mtumba zinafaa, mradi soli haijakakamaa na kidole gumba kina nafasi mbele.

Wiki nane zikiisha, ndipo umtafute bosi. Pimeni njia ya kilomita 5 kwa mita ya pikipiki, mkimbie kikosi kizima, na kila mmoja aandike muda wake. Mwishoni mwa mwaka kuna Tamasha la Michezo la Karatu. Anayeona kilomita 10 za mbio za tamasha hilo bado ni mbali aende kutazama, mwakani ajiandikishe. Nusu marathoni, kilomita 21 na ushee, isubiri. Hiyo ni gemu nyingine kabisa, na mlango wake unafunguliwa na daftari la mwaka mzima.

Leo jioni una kazi tatu tu: tafuta daftari, mpigie mwenzako mmoja mkubaliane saa ya kukutana kesho, na uzime simu saa nne. Kesho mnaanza na dakika moja ya kukimbia na mbili za kutembea. Itaonekana rahisi mno, nawe utatamani kuongeza. Usiongeze. Leveli ya kwanza imewekwa rahisi makusudi, ili keshokutwa urudi.